Tyubu ya kawaida, paneli ya zambarau au bodi nyeupe: taa ipi ya LED kwa mimea ya ndani?

Jua la Dar es Salaam, Mombasa au Kampala halinunuliwi kwa tokeni, na mwaka mzima mchana unacheza kwenye saa 12. Mwenye paa, uwanja au veranda inayopigwa na jua saa tano au sita kwa siku aachane na taa. Saladi na giligilani zitaota bila senti ya umeme. Taa ni ya mtu mwingine: aliyebanwa na ghorofa ya jirani, anayetaka kupanga rafu tatu za trei kwenye chumba kimoja, anayekuza miche ndani ili mvua za masika zisiiozeshe, au aliyeko Oslo, ambako mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa sita.

Huyo akiingia dukani au mtandaoni anakutana na makundi matatu. Kuna tyubu na balbu za LED za nyumbani, zile za duka lolote la vifaa vya umeme. Kuna paneli ya zambarau, yenye vidoti vyekundu na vya bluu. Na kuna bodi nyeupe ya mimea, bamba bapa la alumini lenye mamia ya chipu ndogo nyeupe, mara nyingi na nyekundu chache katikati yake. Zipo pia taa za klipu zenye shingo ya kukunja zinazochomekwa kwenye chaja ya simu. Chaja ya kawaida ya USB inatoa wati 10 hivi, nazo zinatosha chungu kimoja cha mrehani na hakuna zaidi, kwa hiyo tunaziacha hapa hapa.

## Vigezo kwanza

Mwanga unaotua kwenye jani. Lumeni na lux hupima kile jicho la binadamu linachoona, na jicho letu linapenda kijani kuliko rangi nyingine. Mmea unatumia mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 (bluu) na 700 (nyekundu), na hesabu yake ni ya chembe za mwanga zinazotua: mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Ukitaka jumla ya siku nzima, zidisha mikromoli hizo kwa saa za kuwasha, kisha kwa 0.0036, jibu ni moli kwa mita ya mraba kwa siku. Maikrogrini (miche ya figili, alizeti au brokoli inayovunwa ikiwa na wiki moja au mbili) inaridhika na moli 6 hadi 10. Miche ya nyanya, hoho na kabichi inataka 10 hadi 15. Saladi na mrehani, 12 hadi 17. Nyanya au hoho ya kuzaa inataka 20 hadi 30.

Kipimo halisi cha mikromoli ni ghali, lakini kwa mwanga mweupe wa LED simu inatosha kukadiria. Weka programu ya kupima lux, laza simu usawa wa majani, gawa namba kwa 70. Sebule yenye mwanga mzuri wa usiku inasoma lux 150, ambazo ni mikromoli 2. Saladi inataka kama 240. Ndiyo maana mmea uliowekwa chini ya taa ya sebuleni unajivuta hadi unaanguka, ingawa machoni petu chumba kinang'aa.

Mwanga kwa kila wati. Hapa ndipo bili inapoamuliwa. Kipimo ni mikromoli kwa juli (juli ni wati moja kwa sekunde moja): chembe ngapi za mwanga zinatoka kwa umeme ule ule.

Usambazaji na urefu. Taa yenye nguvu katikati na giza pembeni itakupa trei ambayo mche wa kati umeungua na wa pembeni umerefuka kama uzi.

Uimara na matengenezo. Umeme unaopanda na kushuka, unyevu, vumbi, na kama fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza.

Kuishi nayo. Taa inayowaka saa 16 kwenye chumba cha kulala au jikoni ni mwenzako wa nyumba. Lazima mpatane.

## Tyubu na balbu za nyumbani

Mwanga. Tyubu ya LED ya futi nne na wati 18 hutoa lumeni 1800 hivi, sawa na mikromoli 25 kwa sekunde. Peke yake ni kidogo. Nguvu yake iko kwenye wingi. Nne zikipangwa sambamba juu ya rafu ya sentimita 120 kwa 60 zinaleta mikromoli 110 hivi kwenye majani, na kwa saa 16 hiyo ni moli 6 na ushei. Maikrogrini inatoka vizuri. Saladi itakua taratibu na majani yatakuwa laini mno.

Rangi haina shida ambayo watu wanaihofia. Taa nyeupe ya LED ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. (Hiyo chipu ya bluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.) Kwa hiyo tyubu yoyote nyeupe ina kila rangi ndani yake, ila kwa viwango tofauti. Namba yenye K inaonyesha rangi ya mwanga: iliyoandikwa 6500K, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, ina bluu nyingi, na bluu hufanya mche uwe mfupi wenye shina nene. Ya 3000K au 4000K ina nyekundu zaidi na hukuza jani pana. Kwa miche chukua 6500K bila wasiwasi. Kwa saladi ya kula changanya.

Umeme. Kama mikromoli 1.4 kwa juli. Si haba, lakini utaona kwenye hesabu ya chini kwamba kwa mazao yanayotaka mwanga mwingi tofauti inauma.

Usambazaji na urefu. Hapa tyubu ndiyo inayoongoza. Mwanga unatoka kwa urefu wote wa rafu, hauna kitovu, na unaweza kuishusha hadi sentimita 10 au 15 juu ya majani bila kuyachoma. Balbu ya duara ni habari nyingine: sehemu kubwa ya mwanga wake inaenda pembeni na kurudi juu, kwa hiyo bila kofia nyeupe ya kuurudisha chini unalipia kuangaza ukuta.

Kuna ushauri unaozunguka mtandaoni wa kukata kile kikombe cheupe cha balbu ili mwanga uongezeke. Usifanye. Kwenye balbu nyingi za bei nafuu, vidoti vya ndani havijatenganishwa na umeme wa mstari. Kikombe ndicho kinga pekee kati ya kidole chako na volti 230, na wewe una chupa ya kunyunyizia maji mkononi.

Uimara na matengenezo. Moja ikifa unanunua nyingine jioni hiyo hiyo, na rafu haizimiki yote. Tatizo kubwa liko kwenye kuifunga. Ukitia tyubu ya LED kwenye fremu ya zamani ya floresenti, choki na stata lazima ziondolewe au zirukwe, isipokuwa tyubu yenyewe imeandikwa kwamba inakubali choki. Halafu kuna tyubu ambazo waya wa moto na nyutro vyote vinaingia upande mmoja, na kuna ambazo moto unaingia upande huu na nyutro upande ule. Ukizichanganya, bora utakachopata ni fyuzi kukatika. Soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu, au nunua zile nyembamba zilizokuja na fremu yake na waya wa kuunganisha moja kwa nyingine. Nazo zina kikomo: boksi linasema ziunganishwe ngapi kwa mstari mmoja.

Nyingi hazina kinga ya maji. Zifunge juu ya trei, lakini usinyunyizie maji zikiwa zinawaka chini ya mkono wako.

Kuishi nayo. Ni mwanga wa kawaida. Majani yanaonekana rangi yake halisi, na mgeni hakuulizi kitu.

Inamfaa anayeanza, mwenye maikrogrini, mwenye trei za miche ya kupeleka shambani baada ya wiki nne hadi sita, na yeyote ambaye rafu zake zimekaribiana kiasi kwamba kati ya trei na rafu ya juu yake kuna sentimita 35 tu.

## Paneli ya zambarau

Mwanga. Wazo lake si la kijinga. Klorofili inanyonya zaidi nyekundu na bluu, kwa hiyo mtu akasema tuwape mimea hizo mbili tu, kijani ni cha bure. Shida ni kwamba jani zima si klorofili iliyoyeyushwa kwenye chupa. Vipimo vya mtafiti McCree, vilivyochapishwa mwaka 1972, vilionyesha kwamba majani ya mazao hutumia kijani pia, na si kidogo. Mwanga wa kijani hupenya hadi tabaka za chini za jani na hadi majani yaliyofunikwa na mengine. Zambarau inakuza mimea, hilo halina ubishi. Haina tu ile faida ya kipekee inayotangazwa kwenye boksi.

Haki yake ipewe pia. Chipu nyekundu nzuri ya nanomita 660 inatoa chembe nyingi za mwanga kwa umeme mdogo kuliko chipu nyeupe yoyote, na ndiyo maana mashamba makubwa ya ndani yanayofunga taa za bei kubwa bado yanatumia mwanga mwekundu kwa wingi. Paneli ya zambarau ya bei ya chini inabeba rangi ile ile bila ubora ule.

Umeme. Za kawaida sokoni zinacheza kati ya mikromoli 1 na 1.6 kwa juli. Lakini kabla ya hapo kuna jambo la wati za kwenye boksi. Paneli imeandikwa 1000, mnunuzi anadhani amepata wati 1000. Namba hiyo mara nyingi ni jumla ya uwezo wa juu wa vidoti vyote kwenye karatasi, au jina la biashara tu. Mita yako ya umeme itakuambia ukweli bila kununua kifaa chochote. Ina kitaa kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake kinapepesa mara 1000 kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani, friji na ruta pia. Washa paneli peke yake. Shika saa ya simu na uhesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Sekunde 36 ni wati 100. Ingekuwa kweli wati 1000, kingepepesa kila sekunde 3.6. Kwa mita yenye namba nyingine, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha gawa tena kwa sekunde ulizopata. Jibu ni wati.

Usambazaji na urefu. Nyingi zina lenzi juu ya kila kidoti. Lenzi inasukuma mwanga chini kama tochi, kwa hiyo katikati pana nguvu na pembezoni ni hafifu. Ining'inize sentimita 45 hadi 60 juu ya majani na uzungushe trei kila siku mbili. Kwenye rafu za kupandana haikai. Inataka nafasi ya wima.

Na lux ya simu hapa haikusaidii. Jicho, na sensa iliyotengenezwa kuiga jicho, havioni vizuri nyekundu ya 660 wala bluu ya 450, hivyo programu itasoma namba ndogo wakati majani yanapokea mwanga mwingi. Angalia mmea wenyewe: majani ya juu yakipauka au kujikunja kingo kuelekea juu, pandisha taa sentimita 10 na usubiri siku tatu.

Uimara na matengenezo. Vidoti vimefungwa kwa mfululizo. Kimoja kikikata, safu nzima inaweza kuzimika. Feni ndogo za nyuma ndizo zinazokufa kwanza, kwa vumbi. Zikinyamaza paneli inachemka na vidoti vinafuata. Kila mwezi zisafishe kwa brashi kavu. Habari njema ni kwamba fundi wa redio anayejua kulehemu anaweza kubadilisha kidoti au feni bila shida.

Kuishi nayo. Jani lenye njano ya ukosefu wa naitrojeni na jani zima yote yanaonekana meusi chini ya zambarau. Utitiri wekundu unajenga utando wake mbele ya macho yako nawe huoni. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, bustani ndogo ya Veggie, iliyowapa wanaanga saladi ya kula mwaka 2015, ilikuwa na nyekundu na bluu, na ikaongezewa kijani ili chakula kionekane kama chakula. Nyumbani dawa ni kuzima paneli na kukagua kwa tochi ya simu kila asubuhi. Usikae ndani ya mwanga huo ukisoma, macho yatachoka.

Inamfaa aliyeipata kwa bei ya chini sana au aliyekwisha kuwa nayo, mwenye stoo au chumba kisichokaliwa, na mwenye mimea michache mirefu iliyokaa pamoja katikati. Kama iko mkononi na inawaka, itumie hadi ife. Hakuna sababu ya kuitupa.

## Bodi nyeupe ya mimea

Mwanga. Chipu nyeupe za 3000K hadi 5000K pamoja na nyekundu chache za 660. Kwa sababu chipu ni nyingi na kila moja inaendeshwa chini ya uwezo wake, inatoa mwanga mwingi bila kuchemka. Bodi ya wati 100 halisi inaweza kupeleka mikromoli 250 kwa kila mita ya mraba kwenye rafu ya sentimita 120 kwa 60, na bado ikabaki akiba ya kupandisha.

Neno "spektra kamili", yaani rangi zote za mwanga, lisikupe imani. Limeandikwa pia kwenye paneli za zambarau zilizoongezewa vidoti viwili vyeupe. Tafuta namba mbili: wati zinazoliwa ukutani, na mikromoli kwa juli. Muuzaji asiyezitaja anauza picha.

Umeme. Zilizo nzuri zina 2.5 hadi 2.8. Karibu mara mbili ya tyubu.

Usambazaji na urefu. Sentimita 25 hadi 45. Bodi ya mraba juu ya rafu ndefu inaacha pembe mbili gizani, kwa hiyo kwa rafu ya futi nne bora bodi mbili ndogo kuliko moja kubwa, au zile za mtindo wa fimbo. Nyingi zina kitasa cha kupunguza mwanga, na hicho kina thamani kubwa: miche ikiwa na siku tatu unaiwekea asilimia 40, ikifika jani la nne unapandisha, bila kugusa kamba.

Uimara na matengenezo. Bodi yenyewe haina feni wala kitu kinachozunguka. Kinachokufa ni draiva, ile saketi inayobadilisha umeme wa ukutani uzifae chipu. Kwa hiyo uliza kama draiva imeunganishwa kwa soketi inayotoka, na kama imeandikwa volti 100 hadi 277 au zaidi. Hiyo inavumilia umeme ukishuka hadi 170 jioni. Ikiwa saketi ya draiva imechomewa juu ya bamba lile lile la chipu, ikiungua umepoteza yote. Vipuri huku kwetu si rahisi, na kuagiza kunachukua wiki. Wiki tatu bila mwanga ni zao zima la saladi.

Bamba ni la alumini, kwa hiyo waya wa ethi lazima uwe umefungwa kweli, na soketi ya ukutani iwe na ethi inayofanya kazi. Plagi ya pini tatu kwenye nyumba isiyo na ethi ni pambo.

Kuishi nayo. Mwanga mweupe wa joto, majani yanaonekana sawasawa. Ni mkali mno kutazama ana kwa ana. Kwenye chumba cha kulala funga pazia jeupe mbele ya rafu. Itarudisha mwanga ndani pia.

Inamfaa anayevuna kila wiki, anayeuza, anayelipa umeme kwa bei kamili, na anayeishi ambako majira ya baridi hudumu miezi mitano.

## Rafu moja, hesabu tatu

Chukua rafu ya sentimita 120 kwa 60, saladi, moli 14 kwa siku, taa saa 16. Hiyo inataka mikromoli 243 kwenye majani. Kwa eneo la mita za mraba 0.72, na tukikubali kwamba moja ya tano ya mwanga inapotea pembeni, taa itoe mikromoli 219 kwa sekunde.

| | Tyubu | Zambarau | Bodi |
|---|---|---|---|
| Mikromoli kwa juli | 1.4 | 1.5 | 2.6 |
| Wati halisi | 162 (tyubu 9) | 146 | 84 |
| Uniti kwa siku 30 | 78 | 70 | 40 |
| Shilingi za Tanzania | 27,700 | 25,000 | 14,400 |

Bei iliyotumika hapa ni ile ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ya shilingi 292 kwa uniti, pamoja na VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, jumla kama 356. Kenya bei hubadilika kila mwezi kwa gharama ya mafuta na thamani ya shilingi, kwa hiyo gawa ulicholipa kwa uniti zilizo kwenye ujumbe wa tokeni.

Aliyeko kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, wanaotakiwa kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, aitazame safu ya kwanza tena. Tyubu tisa peke yake zinamaliza uniti zote kabla hajawasha feni wala kuchaji simu. Akivuka na kuhamishwa bei, nyumba nzima inalipa.

Kwa maikrogrini picha inabadilika. Tyubu nne zinakula uniti 35 kwa mwezi, bodi iliyopunguzwa uniti 20. Tofauti ni shilingi 5,300 hivi. Chukua pengo la bei dukani, gawa kwa 5,300, upate miezi ya kurudisha fedha. Kwa saladi gawa kwa 13,300.

Na nyanya? Kwa moli 25, hata bodi nzuri inahitaji wati 150, yaani uniti 72 na shilingi 25,600 kila mwezi kwa miche miwili au mitatu ya nyanya. Nenda sokoni. Au ipande kwenye ndoo juu ya paa.

## Yanayoharibu kazi, taa yoyote ile

Taima ya pini za kuzungusha husimama umeme ukikatika. Mgao wa saa tatu unasogeza ratiba yote saa tatu mbele, na baada ya wiki taa inawaka mchana ulipokusudia usiku. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Mbele yake weka kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme unaporudi. Draiva nyingi hufa kwenye ile sekunde ya kurudi, si kwenye kukatika.

Joto halikwepeki. Wati 100 za taa ni wati 100 za joto ndani ya chumba, hata kama LED yenyewe haichomi mkono. Mbegu ya saladi hukataa kuota chumba kikizidi nyuzi 30, na iliyokwisha kuota huwa chungu na kutoa ua. Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, washa saa 12 jioni, zima saa 4 asubuhi, ili joto la taa lisikutane na la mchana. Njombe au Limuru ratiba hiyo hiyo inapasha chumba usiku, faida mbili kwa bili moja.

Saa nazo zina kikomo. Nyanya ikiangaziwa saa 24 majani yake hupata njano na madoa, na giligilani hukimbilia maua siku zikirefuka. Spinachi halisi pia. Ile ya masokoni kwetu yenye shina nene jeupe ni mmea mwingine na haina haraka hiyo.

Ncha za majani ya ndani ya saladi zikigeuka kahawia, watu huongeza mbolea. Mara nyingi ni kalsiamu isiyofika kwenye jani changa kwa sababu mwanga ni mwingi na hewa imesimama. Feni ndogo inayotikisa majani kidogo tu ndiyo tiba.

Kuta za rafu zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa, au ubandike bodi nyeupe za plastiki. Karatasi ya alumini ya jikoni inakunjamana, inarudisha mwanga kwa vipande, na ikigusa waya uliochunika inapitisha umeme. Waya wa taa uachie tumbo linaloning'inia chini ya usawa wa soketi, ili tone la maji lidondoke pale na lisifuate waya hadi ndani.

## Kwa hali yako

Ukiwa na rafu moja na hujui kama utaendelea, anza na tyubu nne za 6500K na figili. Ikifika mwezi wa tatu bado unavuna, ongeza tyubu kwa saladi au hamia bodi kwa rafu mpya, na hizo tyubu zibaki kuoteshea miche.

Ukiotesha miche ya nyanya na hoho kwa ajili ya shamba, kaa na tyubu, saba au nane kwa rafu. Miche inakaa ndani wiki chache tu kwa msimu, kwa hiyo umeme utakaookoa kwa bodi hautarudisha bei yake haraka. Wiki ya mwisho itoe nje kidogo kidogo, saa moja, mbili, nne. Jua la saa sita mchana linafika mikromoli 2000, na jani lililozoea 200 litababuka siku ya kwanza.

Ukiuzia mahoteli saladi na mrehani mwaka mzima, bodi, na draiva moja ya akiba kabatini.

Ukiwa na paneli ya zambarau tayari, pima wati zake kwa mita, ipe eneo dogo kuliko lililoandikwa kwenye boksi, na weka tyubu moja nyeupe pembeni yake. Itajaza pembe na utayaona majani.

Ukiwa Ulaya au Marekani ya kaskazini unatamani mchicha Januari, chukua bodi, kwa kuwa uniti huko kwa kawaida ni ghali na mchicha unapenda mwanga mkali na joto. Weka trei mbali na dirisha. Usiku kioo kinanyonya joto lote. Sukumawiki inavumilia baridi hiyo vizuri zaidi, na inakubali tyubu sita.

Ukikaa nyumba ya kupanga yenye mita moja ya pamoja, pima wati halisi za taa utakayochagua, zidisha kwa saa za mwezi, gawa kwa 1000, na uwapelekee wapangaji wenzako uniti hizo kwenye karatasi kabla hujaiwasha siku ya kwanza.